Mstari wa Tano

Hakuna kitu kilichomkera Mama Taipu kama bustani isiyo na mistari. Akipita nyuma ya nyumba ya mtu akakuta mchicha umemwagwa tu, huku umesongamana na kule pana upara, alitikisa kichwa kana kwamba kamkuta mtu mzima barabarani na nguo za ndani. "Mboga nazo zina haki ya kupangwa," alisema. Miaka thelathini na moja alikaa mbele ya mashine ya taipu katika ofisi ya serikali, akichapa barua za wakubwa ambao wengi wao, kwa maneno yake mwenyewe, hawakujua nukta inakaa wapi. Alipostaafu, mashine ilibaki ofisini na jina akaondoka nalo.

Bustani yake ilikuwa nyuma ya nyumba ya vyumba viwili aliyoachiwa na marehemu mumewe, na aliipanga kama ukurasa. Pembeni aliacha pambizo la hatua moja. Ndani palikuwa na mistari mitano, kila mmoja umenyooshwa kwa kamba iliyofungwa kwenye vigingi viwili, na kati ya mche na mche shubiri moja, si zaidi si pungufu. Mstari wa kwanza mchicha, wa pili sukuma wiki, wa tatu karoti, wa nne nyanya, wa tano mnavu. Kwenye vigingi kamba zilikuwa na mafundo: fundo moja mstari wa kwanza, mawili wa pili, hivyo hivyo hadi matano. Wageni waliyasifu mafundo hayo wakidhani ni urembo. Hayakuwa urembo hata kidogo. Mama Taipu alikuwa haoni.

Tuseme sawasawa: halikuwa giza tupu. Katikati ya jicho la kushoto palibaki kitundu cha mwanga, na akisogeza kitu karibu kabisa aliweza kuona nusu ya uso wa mtu, au namba moja ya simu kwa wakati mmoja. Mengine yote yalikuwa ukungu. Daktari wa macho alimwambia ni presha ya macho, kwamba imekaa mno bila kutibiwa, na kwamba kilichopotea hakirudi. Akampa dawa ya matone ya kulinda hicho kilichobaki. Mama Taipu akamshukuru, akarudi nyumbani, akaficha kichupa nyuma ya kopo la chumvi, na hakumwambia mtu.

Hakusema kwa sababu ya mwanawe. Alikuwa naye huyo mmoja tu, fundi wa lifti katika mji mkubwa, mwendo wa saa tatu kwa basi. Yeye na mkewe walikaa ghorofa ya nne katika jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla hawajahamia. Mganga hajigangi. Mwaka juzi, siku Mama Taipu alipounguza mkono wa gauni kwenye jiko, yule kijana alikaa naye mezani akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioogopesha.

"Mama, nitakuacha hapa maadamu unajiweza. Lakini siku nikiona kitu kimoja tu kimekwenda kombo, nafunga mlango huu, funguo natia mfukoni, unakuja kukaa kwangu. Sitauliza mara mbili."

"Nani kakwambia sijiwezi?"

"Hakuna aliyeniambia. Nasema tu."

Ghorofa ya nne Mama Taipu aliijua. Aliwahi kukaa huko wiki mbili. Ngazi sitini na nane, sakafu ya saruji, na yeye kwenye kochi analetewa kila kitu hadi maji ya kunawa. Mkwe wake alikuwa mtoto mwema mno, hamruhusu hata kuosha kijiko. Aliporudi aliwaambia majirani kwamba hata kuku wa bandani huachiwa achakure chini. Kwa hiyo aliapa kwamba mwanawe hatajua, na bustani ndiyo iliyomtetea. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi mwanawe alikuja, akasimama kwenye mlango wa nyuma, akaitazama ile mistari mitano iliyonyooka, akaridhika. Asiyeona angewezaje kunyoosha kamba vile?

Aliweza, kwa sababu maisha yake yote vidole vyake ndivyo vilivyofanya kazi. Ofisini alichapa akitazama dirishani, na bosi mmoja aliyemwekea daftari juu ya mikono ili kumjaribu alikuta barua haina kosa hata moja. "Vidole vyangu vina macho kuliko ninyi," ndiyo ilikuwa jeuri yake. Basi hata bustanini karoti aliitambua kwa majani yake membamba kama nywele, nyanya kwa utomvu unaonata na harufu inayobaki mkononi, mchicha kwa ulaini. Magugu aliyang'oa kwa kupapasa, na asipokuwa na hakika alivunja jani akalinusa. Alijua kutoka mlangoni hadi pipa la maji ni hatua kumi na mbili. Mwanawe akija, alimkumbatia, akapitisha kidole kwenye kola, akasema, "Shati hili limechakaa, baba, mkeo halioni?" Mwanawe alicheka na kuondoka na amani.

Masika ya mwaka ule yalikuja kwa fujo. Wiki ya kwanza maji yalibeba pambizo lote la upande wa chini, na Mama Taipu akashinda amepiga magoti kwenye tope akirudisha udongo kwa sinia bovu. Mfuga mbuzi wa mtaa wa nyuma alimletea samadi toroli mbili, iliyozolewa zizini pamoja na takataka zote zilizokuwemo. Hakuna aliyejua mle ndani mna mbegu gani, na hakuna aliyeuliza. Mama Taipu aliichanganya na udongo wa kitalu, akasia mnavu, akafunika kwa nyasi, akangoja.

Wiki ya tatu miche ilikuwa tayari kuhamishwa. Hapa kila anayelima mboga hufanya jambo lile lile: huchagua miche iliyonona, na iliyodhoofu huitupa. Mama Taipu alipitisha vidole kitaluni akakuta mingine minene, imesimama wima, na mingine myembamba imejikunyata katikati ya ile mikubwa. Angekuwa na macho angeona mara moja kwamba hao si ndugu wa tumbo moja. Vidole vilimwambia tu kwamba hawa wazima na hawa wagonjwa. Akang'oa mnavu wote, mche kwa mche, akautupa jalalani. Kisha akaipandikiza ile minene kumi na mmoja kwenye mstari wa tano, shubiri moja kila mmoja, akainyeshea na kuiambia ikue vizuri.

Ile ilikuwa minanaha. Mnanaha ni mmea wa majalalani, ukikomaa hutoa maua marefu meupe na matunda yenye miiba, na hata mbuzi mwenye njaa huupita kando. Majani yake humpumbaza mtu, na yakizidi huua. Ukiwa mchanga, unafanana na mnavu kiasi cha kumchanganya mtu mwenye haraka, sembuse asiyeona. Na Mama Taipu aliulea ule mstari kuliko yote. Aliukata ncha ili utoe matawi, aliuongezea samadi, na jioni akipapasa majani yalivyopanuka alijisifu peke yake kwamba mnavu wa mwaka huu haujapata kutokea.

Upande wa pili wa ua alikaa Mwalimu, mstaafu mwenzake, mjane, aliyefundisha hesabu shule ya msingi hadi sauti ikamkauka. Kazi yake siku hizi ilikuwa kusoma gazeti la juzi na kutazama bustani ya jirani. Siku moja mvua zilipoanza kupungua alisimama kwenye ua, akakohoa.

"Mama Taipu."

"Abee, Mwalimu."

"Ule mstari wa mwisho ni mboga ile?"

"Unataka iwe nini, mkaa?"

"Naona tu majani yana meno meno."

"Mwalimu, miaka yote tuliyokaa hapa hujawahi kuotesha kitu zaidi ya ndevu. Mwaka jana ulisema karoti zangu ni magugu, umesahau? Bustani niachie mimi."

Mwalimu alicheka kwa aibu. Ni kweli aliyasema hayo ya karoti, na Mama Taipu aliyatangaza mtaa mzima hadi watoto wakawa wanamwita Bwana Karoti. Akaona pengine ni dawa ya kufukuza wadudu, watu hupanda mengi. Akakunja gazeti akaingia ndani.

Mama Taipu alipobaki peke yake alikwenda hadi kwenye fundo la tano, akainama, akapapasa ukingo wa jani. Kweli lilikuwa na meno. Akapapasa la pili, na la tatu. Alichotakiwa kufanya ni kumwita yule mzee arudi, amwambie, "Hebu njoo unitazamie." Kuuliza si ujinga, hata watoto wanajua. Lakini Mwalimu alikuwa na namba ya simu ya mwanawe, na mwenye macho yake haombi kutazamiwa bustani yake mwenyewe. Akavunja jani, akalinusa, likatoa harufu nzito asiyoipenda. Akasema ni samadi. Akasimama, akajipangusa magoti, akaenda kuchota maji.

Ninapofika hapa huwa nasikia hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Kipupwe kikaingia na baridi yake, na Mama Taipu akashikwa na mafua ya kumtoa machozi. Pua iliziba kabisa. Jumapili ya mwisho wa mwezi ilimkuta kafunga kitambaa kichwani na shuka mabegani, lakini hakukubali kulala, kwa maana alikuwa na desturi yake: mlimbuko wa kila mstari, yaani mboga ya kwanza kabisa kuchumwa, huliwa na mwanawe. Mchicha wa mwanzo ulikuwa wake, nyanya ya mwanzo ilikuwa yake. Mwezi huu ilikuwa zamu ya mstari wa tano. Alichuma beseni zima, akaketi kizingitini akichambua, majani upande huu, vijiti upande ule. Siku zote alichambua akiwa amezisogeza mboga puani. Siku hiyo alizisogeza vile vile, kwa mazoea tu, na hakusikia chochote.

Mwanawe alifika saa sita, kapiga mguu kutoka stendi, njaa inamuuma. Alisimama mlango wa nyuma kama kawaida. Mezani akala wali na zile mboga zilizokaangwa kwa kitunguu na nyanya.

"Leo mnavu mchungu, mama."

"Mnavu usio mchungu ni mnavu? Kula, baba."

Alikula sahani mbili. Mama yake alikula vijiko viwili, kwa sababu mafua yalimkata hamu, na kwa sababu alitaka kijana ashibe. Kijana akasukuma sahani, kisha akasema neno ambalo Mama Taipu alilingoja kwa miaka miwili.

"Nimeongea na mke wangu. Nimemwambia tuache kukusumbua na habari za kuhama. Mtu anayelima vile anajiweza kuliko sisi. Kaa kwako, mama."

Mama Taipu aliinuka kuondoa vyombo ili asionekane uso. Alipokuwa jikoni alijisikia mwepesi. Aliwaza atakavyopanda vuli, aliwaza kuongeza mstari wa sita. Aliporudi mwanawe alikuwa anaomba maji. Akampa. Akaomba tena, na tena, akasema kinywa kimekauka kama kimefutwa kwa kitambaa. Akauliza kwa nini mwanga ni mkali hivyo. Mama Taipu akamshika paji la uso, likawa linawaka na halina tone la jasho.

"Umepata homa, baba. Lala kidogo."

Hakulala. Alianza kuongea na mtu asiyekuwepo, fundi mwenzake wa kazini. "Usibonyeze," alimwambia. "Nakwambia usibonyeze, niko chini huku." Mama Taipu aliusikia mkono wake ukishika hewa, ukivuta kamba ambazo hazipo, kisha kiti kikaanguka na yeye akaanguka nacho. Hapo ndipo Mama Taipu alipopiga kelele za kumwita Mwalimu, na yule mzee akapita katikati ya ua badala ya kuzunguka, miiba na yote, akatafuta teksi.

Chumba cha dharura kilikuwa na vitanda vitatu na kiti kimoja. Daktari alikuwa kijana, na muuguzi mama wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha. Walimfunga mwanawe mikono kwa bandeji kwenye kitanda kwa sababu alikuwa akijikwaruza. Waliuliza kama amekunywa pombe, kama anavuta bangi, kama ana kifafa, kama kaugua malaria karibuni. Mwalimu alikuwa amerudi nyumbani, maana jiko liliachwa linawaka. Mama Taipu alijibu peke yake.

"Amekula nini?" muuguzi akauliza.

"Wali na mnavu."

"Mnavu wa sokoni?"

"Wa bustanini kwangu. Nimeupanda mwenyewe, nimeuchuma mwenyewe."

"Una hakika ulikuwa mnavu? Majani uliyaona vizuri?"

Swali lilikuwa dogo tu. Mama Taipu alikumbuka yale meno ya majani, akakumbuka na ile harufu. Na papo hapo akakumbuka, "Kaa kwako, mama," maneno yasiyokuwa na saa mbili tangu yasemwe. Akilini mwake akajiambia kwamba huenda ni malaria, watu wengi huweweseka kwa malaria, kesho ataamka salama na hakuna atakayejua lolote.

"Niliyaona," alisema.

Basi wakaandika malaria ya kichwani. Wakamtundikia dripu, wakachukua damu, wakangoja majibu. Nusu saa nzima Mama Taipu alikaa kwenye kile kiti akisikia pumzi za mwanawe zinavyokwenda mbio, na hakufungua kinywa. Wapo watakaosema mama gani huyo. Mimi nasema alikuwa mama aliyeogopa, na hofu haina akili. Lakini nusu saa ni nusu saa, na kuna mtu aliyeilipa.

Mwanawe alishikwa na degedege. Kitanda kilipiga ukuta mara nyingi kuliko alivyoweza kuhesabu, muuguzi akaita, daktari akaja mbio, kitu cha bati kikaanguka sakafuni. Kitanda kilipotulia, Mama Taipu alisikia mwanawe anakoroma na kitu kinachochuruzika, na akajua ni damu kabla hajaambiwa. Alikuwa ameng'ata ulimi. Kisha, kwa sauti nzito ya mtu mwenye kinywa kilichojaa, kijana akaita, "Mama, fungua. Niko ndani. Mama, fungua."

Mama Taipu alisimama akashika ukingo wa kitanda.

"Sikuyaona," alisema.

"Hukuona nini, mama?" Muuguzi alikuwa anahema.

"Majani. Sikuyaona majani. Mimi sioni."

Muuguzi alimgeuza uso kwenye taa. "Tangu saa ngapi? Nawe ulikula? Macho yameanza saa ngapi?"

"Tangu mwaka juzi," alisema Mama Taipu.

Daktari akauliza kama kuna mtu anayeweza kuleta huo mmea, na kabla hajamaliza mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mwalimu, kashika shina zima na mizizi yake na udongo wake, ameng'oa bila kuambiwa. Muuguzi hakuhitaji kulishika. "Mnanaha huo," alisema. "Mungu wangu, sahani mbili."

Waliibadilisha dawa, wakamsafisha tumbo, wakamlinda. Siku ya pili jioni alijua jina lake. Siku ya tatu alijua mahali alipo, na akawa haoni vizuri, maana ule mmea hupanua mboni za macho zikakataa kusinyaa. Ulimi ulishonwa nyuzi nne. Daktari alisema wakati wa kumwosha tumbo ni mapema, na kama angejua mapema huenda degedege lisingefika. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, akiandika, bila kumlaumu mtu. Mama Taipu aliyapokea maneno hayo na anayo hadi leo.

Naye vijiko vyake viwili havikumwacha. Usiku wa kwanza kichwa kilimpasuka na macho yakauma kama yametiwa pilipili, akadhani ni kilio. Asubuhi kile kitundu cha mwanga kilikuwa kimezibwa. Daktari wa macho alisema kwa macho kama yale hata sumu kidogo tu inatosha kuzima kilichobaki. Hakulalamika. Alisema moyoni kwamba angalau sasa hana tena cha kuficha.

Mwanawe alipoweza kuketi waliongea, na hakupaza sauti. Laiti angepaza.

"Mwaka juzi, mama?"

"Mwaka juzi."

"Na lile shati jekundu ulilolisifu?"

"Uliniambia mwenyewe kwenye simu kwamba umelinunua."

Alicheka kidogo, akashika kinywa kwa maumivu. "Na muuguzi alipokuuliza?" akauliza. "Ameniambia alikuuliza mapema."

Mama Taipu alitafuta mkono wake juu ya shuka. Mkono ulikuwepo, haukuondolewa, lakini haukumshika.

Wiki iliyofuata walifunga nyumba. Kabla ya kufunga, mwanawe aliingia bustanini na Mwalimu, wakang'oa. Hawakung'oa mstari wa tano tu. Kijana hakujua kutofautisha jani na jani, na hakutaka tena kuambiwa lipi ni lipi, kwa hiyo alianza na fundo la kwanza akaenda hadi la mwisho. Mama Taipu alikaa kizingitini na begi lake miguuni akisikia mizizi inavyokatika ardhini. Walipofika mstari wa tatu alisema, "Karoti hizo zimebakiza wiki mbili tu." Waliendelea kung'oa.

Mwalimu ndiye aliyekuja kukaa karibu naye, mikono inanuka udongo.

"Niliona, Mama Taipu. Tangu mvua zilipoanza kukatika niliona. Nilijua si mnavu."

"Nilikwambia uniachie."

"Uliniambia, nami nikakuachia." Akavuta pumzi. "Kwa sababu ya karoti. Mtu mzima na mvi zangu, nilinyamaza kwa sababu ya karoti."

Mama Taipu alimpa mkono wa kwaheri, na yule mzee akaushika hadi mwanawe alipoita kwamba teksi imefika.

Ghorofa ya nne ilikuwa vile vile. Kiangazi kilipita, na Mama Taipu alikijua kwa joto la ukuta wa upande wa jioni. Mkwe wake alimpenda, hilo lazima lisemwe. Alimwongoza hadi bafuni, alimsomea magazeti, na alipotaka kusaidia kuchambua mboga aliliondoa sinia mapajani pake kwa ustaarabu wote, "Pumzika, mama, umefanya kazi miaka mingi." Na mwanawe alimsalimu asubuhi na jioni, kwa ulimi uliobaki mzito kwenye baadhi ya maneno, asikose hata siku moja.

Vuli ilipoanza, mvua ya kwanza ikapiga sakafu ya baraza, na Mama Taipu akashindwa kukaa. Mkwe alikuwa kazini. Mwanawe alikuwa sebuleni na vifaa vyake, siku ya mapumziko. Alikwenda jikoni kwa kupapasa ukuta, akawasha jiko, akapima maji kwa kidole, akatafuta majani ya chai, akayanusa mara tatu, akatafuta sukari, akaionja. Hakumwaga hata tone. Akamwandalia kikombe kwenye kisahani, akahesabu hatua hadi mezani, akakiweka mbele yake.

"Mvua hii inataka chai, baba."

"Ahsante, mama."

Alibaki amesimama. Alisikia kikombe kikiinuka kwenye kisahani. Halafu, badala ya kusikia anakunywa, alisikia pumzi fupi, mara moja, na ya pili. Mwanawe alikuwa anainusa chai. Kikombe kikarudi kwenye kisahani taratibu, taratibu sana, kama mtu asiyetaka kumwamsha mwingine.

"Iko sawa?" Mama Taipu akauliza.

"Iko sawa, mama. Tamu."

Alirudi kwenye kochi lake. Baada ya muda alimsikia mwanawe akivaa viatu, akisema anakwenda dukani mara moja, na mlango ukafungwa. Mama Taipu aliinuka, akaenda mezani, akakishika kikombe ili akakioshe, na chai baridi ikammwagikia vidoleni. Kilikuwa kimejaa hadi juu. Akakishika kwa mikono miwili, akakinywa pale pale aliposimama, hadi tone la mwisho. Ilikuwa chai tu, na sukari ya kutosha.